Brashi ya Fard na Shavu Langu la Kushoto

Leo nimeaibika. Si kidogo. Nimeaibika mchana kweupe, mbele ya mtu niliyekwenda kumwomba kazi, mbele ya bibi harusi wa watu, na mbele ya mke wangu mwenyewe. Acha niwaeleze mimi, maana nikiwaachia majirani zangu wa mtaa wa Katuba wawaeleze, watatia chumvi. Na kisa hiki hakihitaji chumvi hata punje.

Mnajua nimekaa nyumbani miezi saba. Tangu vita ichachamae kule mashariki, benki za Goma zifungwe na wateja wetu waache kuagiza vitu, ajansi yetu ya forodha pale mpakani Kasumbalesa ilibaki bila mzigo. Siku moja patron, yaani bosi wetu, akafunga ofisi, akavuka mpaka, hakuaga mtu. Na deklara, mtu wa karatasi za forodha, asiye na mzigo wa kudeklare ni nini? Ni mwanaume anayekaa kwenye kiti cha plastiki na kufuata habari za vita kwenye simu. Anayetulisha sasa ni mke wangu, mama Gracia, kwa kazi yake ya kuwapamba mabibi harusi. (Ndiyo. Nimesema mwenyewe. Tuendelee.)

Juzi nikapigiwa simu. Kuna mfanyabiashara mmoja, papa Paluku, amekimbia Goma na malori mawili, amefungua depo ya bidhaa pale Kampemba. Anatafuta mtu anayeijua Kasumbalesa, foleni zake, karatasi zake na watu wake. Niende leo, saa tano.

Jamani! Tangu alfajiri niko kwenye maandalizi. Suti nimeipiga pasi mara mbili. Tai nimeifunga mara nne. Vikabaki viatu. Wax ya kung'arishia ilikuwepo, lakini brashi yetu ya viatu imeisha nywele, imebaki mbao. Nikaangaza macho mezani. Pale kwenye kifuko cha mke wangu nikaona brashi moja ya mviringo, fupi, nywele nyeusi, imechakaa kidogo. Nikajisemea: hii ni kuukuu, hawezi kuitaka.

Nikaichovya kwenye wax.

Sijawahi kuona viatu vinang'aa vile. Nilikuwa namalizia kisigino cha pili mama Gracia alipotokea mlangoni.

"Papa Gracia. Uko napangusa nini na kile kitu?"

"Viatu."

Hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa. Alikuja polepole, akaichukua ile brashi, akaitazama kama mtu anayetazama maiti ya kuku wake.

"Hii njo brashi yangu ya fard," akasema. Fard, kwa wanaume wenzangu, ni ule unga wa rangi wanaopaka mashavuni. "Niliitoa Lusaka. Nywele ya mbuzi. Bibi harusi anakuya saa ine. Bataandikisha ndoa ku commune saa munane."

"Lakini uko na zingine!" Nikamwonyesha kifuko. Kimejaa brashi kama manyoya ya nungu.

"Ile ni ya macho. Ile ni ya midomo. Ile kubwa ni ya plastiki." Akakaa. "Sikia. Ule mutoto, baba yake amebakia Goma. Ndege hakuna, barabara hakuna. Anaolewa leo bila baba yake. Amelia siku mbili. Uso ya muntu amelia siku mbili haiguswe na plastiki. Itamuchoma, na fard itashika mabaka-mabaka. Bantu bote bataona alikuwa analia."

Nilikuwa nimechafua siku ya mtoto wa watu kwa ajili ya visigino vyangu.

"Nitaenda kununua," nikasema.

"Weye?"

"Mimi. Kabla ya rendez-vous yangu. Wewe anza na macho na midomo, ya mashavu nitakuletea kabla ya saa nane."

Alinitazama, akaitazama saa, akaona hana njia nyingine. Akaanza kunifundisha. Poil naturel, yaani nywele ya kweli. Iguse na shavu, isichome. Angalia ncha: ya kweli inakuwa nyembamba mwishoni, ya plastiki imekatwa sawasawa. Vuta, isitoe nywele. Na kama kuna mashaka, chomoa unywele mmoja uuchome: wa kweli unanuka kama mbuzi anayebabuliwa, wa plastiki unayeyuka. Njia nzima nilikuwa narudia kimoyomoyo kama mtoto wa katekisimu. Shavu, ncha, vuta, choma. Shavu, ncha, vuta, choma.

Saa tatu na nusu nilikuwa mjini, kwenye duka dogo la vipodozi. Kuranti ilikuwa imekatika. Duka lenyewe refu kama shimo la mgodi, bila dirisha, na mwenye duka, mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha kijani kichwani, amekaa kwenye giza anajipepea na kadibodi. Nikawasha tochi ya simu.

"Mama, natafuta brashi ya fard. Poil naturel."

Akapanga brashi tano juu ya meza. "Zote naturel, papa."

"Hata hii ya zambarau?"

"Hata hiyo."

(Mbuzi wa zambarau. Katanga yetu ina utajiri mwingi!)

Nikavuta. Nywele tatu zikabaki mkononi. Nikaomba kiberiti, nikachoma unywele mmoja. Ukayeyuka, ukawa kitone, ukanuka kama beseni linaloungua. Tukatazamana.

"Ile," akasema bila kutikisika, "ni naturel ya sasa."

Lakini baada ya hapo alinipa heshima. Alijua hajapata mjinga. (Subirini.) Akainama chini ya meza, akatoa kiboksi chenye brashi mbili, moja nyeusi na moja ya kahawia. Akafungua kopo la fard la kuonyeshea wateja, pinki kali ya harusi za Desemba, akachovya brashi zote mbili, akazipiga-piga ukingoni.

"Angalia muzuri, papa. Ya kweli inakunywa rangi. Ya plastiki inaitemea tu."

Nilikuwa naelekeza tochi ili nione nani anakunywa na nani anatema, simu yake ikalia. Alipoona namba, akaruka kama mtu aliyechomwa.

"Ni dada yangu! Goma! Siku ine sijamupata!" Akakimbilia nje kwenye barabara kutafuta rezo ya simu. Nikamsikia anapiga kelele: "Allô! Muko bazima? Allô! Na mama?"

Nikabaki peke yangu gizani na brashi mbili. Simu inaonyesha saa nne na dakika kumi. Kampemba ni mbali. Kichwani nasikia tu: shavu, ncha, vuta, choma. Ncha nimeshaangalia. Nimevuta, haikutoka hata moja. Likabaki shavu.

Nikaichukua ile nyeusi, nikaiweka kwenye shavu la kushoto. Nikazungusha. Mama wee, ulaini! Nikajaribu ya kahawia. Inachoma. Nikarudi kwa nyeusi ili nihakikishe. Nikazungusha tena. Nikabonyeza, maana mke wangu alisema uso wa binti umeumia kwa kulia, na mimi sikutaka kukosea mara ya pili siku moja. Nikazungusha kuanzia sikioni mpaka karibu na pua.

(Ndiyo, nilimwona akiichovya. Kwa macho yangu haya, dakika mbili kabla. Lakini akili yangu ilikuwa imeshafika kwa papa Paluku, imekaa kitini, inajibu maswali. Huku dukani kulibaki shavu tu.)

Mwenye duka akarudi anafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Bako bazima," akasema. "Bote bako bazima." Alifunga brashi nyeusi kwenye gazeti huku machozi yanamdondoka, hakuinua uso hata mara moja. Nikalipa, nikaitia mfuko wa ndani wa koti, nikatoka mbio.

Kwenye bus, mama aliyekaa karibu na mlango alinitazama, akaguna. "Pole, papa."

Nikashangaa. Lakini siku hizi kila mtu anampa kila mtu pole. "Aksanti, mama."

Konda akakataa nisimame, akaniachia kiti cha mbele. "Pole, kubwa yangu." Nikajiuliza: njaa imeanza kuonekana usoni? Nikanyoosha mgongo, nikaweka uso wa mtu mwenye kazi.

Mlinzi wa depo hata hakuniuliza jina. "Ingia, papa. Pole sana." Hawa wameshachukua mtu mwingine, nikawaza, ndiyo maana wananihurumia toka mlangoni.

Papa Paluku alikuwa amekaa nyuma ya meza iliyozungukwa na makatoni ya sabuni na mafuta. Mzee mpole, miwani minene, Biblia pembeni, simu tatu mbele yake. Alisimama kunisalimia. Halafu akasita. Akanitazama muda mrefu, mkono wangu bado uko ndani ya mkono wake.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema.

"Aksanti, patron. Tumezoea."

"Mumezoea?"

"Miezi saba sasa."

Akavua miwani. "Miezi saba! Na ilianza namna gani?"

Nikafurahi. Nikaona mzee anataka tuzungumze habari za vita kwanza, na yeye ndiye aliyeikimbia, lazima nionyeshe kwamba nafuatilia. "Ilianza polepole, patron. Tulifikiri itaisha mbio. Halafu siku moja ikalipuka."

"Na weye unafanyaka nini ikilipuka?"

"Mtu mdogo kama mimi atafanya nini? Ninangoja itulie."

"Iko na nguvu hivyo?"

(Swahili yetu hii! "Iko" ni vita, "iko" ni mtu, "iko" ni gunia la unga. Nitajuaje?)

"Iko na nguvu sana, patron. Tena nasikia inasaidiwa na majirani."

Mzee akashika meza. "Majirani banasaidia?"

"Kila mtu anajua. Hawajifichi."

"Yesu wangu. Na batoto, banaonaka?"

"Wanaona kwenye simu, patron. Dunia nzima inaona kwenye simu. Na hakuna hata mmoja anayekuja kutusaidia."

Huko nje lori linapiga honi. Papa Paluku akafunga Biblia, akaja upande wangu, akaniwekea mkono begani. Macho yake yamelowa.

"Inuka," akasema. "Tuende kwako. Sasa hivi."

Nikainuka na mwili mwepesi! Niliwahi kusikia kwamba wafanyabiashara wa kutoka Kivu hawakupi mzigo wao kabla hawajaona unapolala. Basi nimepita! Tukapanda jeep yake. Tulipokaribia Katuba akasema bila kunitazama:

"Vita ya kule sikuweza kuisimamisha. Lakini hii ya kwako, leo nitaisimamisha."

Nikafikiri anasema njaa. Nikajibu: "Amina, patron."

Uani kwetu nilimkuta mama Gracia chini ya mabati, bibi harusi amekaa mbele yake kwenye kiti, kitaulo mabegani. Macho yamepambwa, midomo imepambwa, mashavu matupu yanangoja. Pembeni shangazi wa binti anashika kioo. Binti alikuwa mzuri, lakini alikuwa anaangalia chini, na kila baada ya muda kidevu kinatetemeka.

"Brashi iko wapi?" mke wangu akauliza kabla hata ya salamu.

Sikupata kujibu. Papa Paluku alishasonga mbele, kofia mkononi.

"Mama, jambo. Unisamehe kuingia hivi mbele ya bageni. Mimi niko muzee, nimeona mingi. Niliacha nyumba Goma. Niliijenga miaka kumi na ine. Leo sijue nani analala ndani." Akaizungusha kofia mkononi. "Sasa ninakuomba kama mutoto wangu. Nyumba hii muko nayo, musiivunje na mikono yenu. Akikosa, umuambie. Lakini usimupige. Tena siku ya kutafuta kazi! Tena majirani banakusaidia!"

Shangazi akaziba mdomo. Mke wangu alibaki na sponji hewani.

"Papa," akasema taratibu, "aksanti kwa maneno yako. Lakini nani anapigaka nani?"

"Mama, alama ya kofi iko bado mu uso."

Wote wakanigeukia. Na mimi, kwa ujinga, nikageuka nyuma kuangalia nani amepigwa.

Mama Gracia alikuja mpaka puani kwangu. Akakitazama kichwa changu upande wa kushoto. Akachukua pamba, akailowesha, akanipangusa kuanzia sikioni mpaka karibu na pua, halafu akaiinua ile pamba juu ili kila mtu aione.

Pinki. Pinki ya harusi za Desemba.

"Papa Gracia," akasema. "Hii ni fard."

Nikaelewa yote kwa mara moja. Yule mama wa bus. Konda. Mlinzi. "Ninangoja itulie." Mungu wangu, "ninangoja itulie"! Mbele ya patron, kuhusu mke wangu! Nilitamani ardhi ya Katuba ifunguke kama shimo la mgodi, nijitupe ndani na suti yangu.

"Nilikuwa napima brashi," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu.

"Na uso?"

"Si ulisema niguse na shavu?"

"Nilisema uguse! Sikusema ujipambe!"

Nikatoa lile gazeti kutoka mfuko wa koti, nikampa. Sasa niliogopa kuliko yote. Kama hata brashi yenyewe ni ya mbuzi wa zambarau, basi leo nimekwisha. Aliifungua. Akaipitisha nyuma ya mkono wake. Akatazama ncha. Akavuta. Akarudi kunitazama shavu.

"Iko ya kweli," akasema.

"Umejuaje haraka hivyo?"

"Plastiki haingekupaka muzuri hivi. Angalia vile imeshika! Hakuna hata baka moja."

Hapo ndipo bibi harusi alipoanza. Kwanza mabega. Halafu sauti kidogo puani. Halafu akacheka wazi, kichwa nyuma, binti aliyelia siku mbili, anacheka mpaka kiti kinacheza. Shangazi akaanza kumpepea macho kwa kioo: "Musimuchekeshe! Wino ya macho itatoka!" Lakini yeye mwenyewe alikuwa anajishika mbavu.

Na papa Paluku? Mzee alikuwa bado amesimama na kofia yake, anajaribu kuunganisha mambo. "Kwa hiyo ile iko na nguvu..."

"Vita, patron. Nilikuwa nasema vita."

"Na majirani..."

"Majirani wa nchi, patron."

Akatafuta pa kukaa, akakuta ndoo iliyofunikwa, akaikalia. Akacheka bila sauti kwanza, kisha kwa sauti, mpaka akavua miwani kufuta machozi. "Tangu tutoke Goma," akasema, "tangu tutoke Goma sijacheka hivi."

Binti akainua uso aliposikia jina hilo. "Papa anatoka Goma? Baba yangu pia iko kule. Hakuweza kufika."

Kicheko cha mzee kikakatika. Akalitazama gauni la binti linaloning'inia kwenye kamba, akatazama saa. Akasimama, akavaa kofia, akaivua tena.

"Basi," akasema, "kama shangazi yako anakubali, nitakupeleka ku commune na gari yangu. Nitasimama tu pale baba angesimama. Ukimupata ku simu, umuambie muntu wa Goma alikuwepo."

Kidevu cha binti kikaanza kutetemeka tena.

"Hapana!" mama Gracia akapiga kelele. "Utalia kesho! Leo inua uso!" Na hapo hapo akachovya ile brashi, akaipiga-piga, akaipitisha kwenye shavu la binti, taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto aliyelala. Wote tukasogea kutazama. Rangi ilikaa pale kama damu yake mwenyewe imerudi. Hata mimi, mwanaume wa malori na karatasi, niliona tofauti.

Shangazi akakubali kwa kichwa.

Walipokuwa wanapanda jeep, nikajikaza, nikamsogelea papa Paluku. Kazi sikuwa na tumaini nayo tena. Nilitaka kuomba radhi tu.

"Patron, unisamehe kwa kupoteza muda wako."

Alinitazama. Akajaribu kuweka uso wa patron, ukamshinda. "Ulichoma unywele wake?" akauliza.

"Wa ile ya kwanza. Uliyeyuka."

"Na ulivuta?"

"Nilivuta."

"Muntu anakaguaka brashi moja namna hii, lori yangu atakagua je?" Akapanda. "Jumatatu, saa moja asubuhi. Na uoge."

Nimeoga. Nimeoga mara mbili na sabuni ya kufulia, na bado mke wangu anasema kuna kivuli cha pinki karibu na sikio. Ameniambia pia kwamba brashi hujaribiwa nyuma ya mkono. Nikamuuliza kwa nini hakunifundisha hilo asubuhi pamoja na mengine yote. Amejibu kwamba hakujua kuna mtu mzima duniani asiyelijua.

Basi wenye kucheka, chekeni leo yote mmalize. Jumatatu naingia kazini, na mlinzi wa pale tayari ameshanipa pole.